Kopo la Maganda ya Baba Mkwe

Jumatano, 20 Novemba

Daktari kasema presha imepanda. Dawa hakunipa, kanipa kazi. Kila siku niandike mambo ninayoshukuru, eti moyo utatulia. Lavonne, mke wangu, alikuwa amekaa pembeni akiitikia kwa kichwa kana kwamba ushauri ulikuwa wake. Haya. Naanza.

Nashukuru mavuno yameisha na sisi wa ghala la nafaka tunapumua. Nashukuru Lavonne. Na kuliko yote nashukuru kwamba baba mkwe anahama!

Nieleze vizuri nisionekane mtu mbaya. Baba mkwe, mzee Emil Sedlacek, anauza nyumba ya shambani na kuhamia kwenye vyumba vya wazee hapa mjini Plum Fork. Huko hakuna gereji. Pasipo gereji hakuna pa kuweka ile mashine yake ya kujazia risasi. Chuma kizito, rangi ya kijani, mkono wake umeng'aa kwa kushikwa. Nebraska nzima hakuna kama hiyo. Naitaka. Nimeitaka tangu siku niliyokwenda kuposa, na Lavonne anajua nilitazama nini zaidi siku hiyo.

Tatizo ni Rollie Haase. Mwanyumba wangu, kaoa Marlys, dada yake Lavonne. Naye anaitaka.

Leo mzee katuita sote wawili jikoni kwake. Kampa kila mmoja kopo la kahawa lililojaa maganda matupu ya risasi za bastola yake, ile ya kipimo cha arubaini na tano. Kila ganda lina fataki kwenye kitako, kile kikofia kidogo kinachogongwa bastola inapofyatuliwa. Ikishalipuka haina kazi tena. Ni lazima isukumwe nje ndipo ganda lijazwe upya. Kazi yetu ni hiyo tu: kila mtu nyumbani kwake atoe fataki zilizokwisha, kisha turudishe maganda Alhamisi ya wiki ijayo, Siku ya Shukrani, wakati wa chakula cha sikukuu. Atakayemridhisha mzee, mashine ni yake.

Akatuonya. "Tazameni ndani ya kila ganda kabla hamjavuta mkono. Kila moja, vijana." Rollie akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, mnafiki yule. Mimi sikuandika. Kuna nini cha kutazama ndani ya kitu kitupu?

Alhamisi, 21 Novemba

Nashukuru nilikuwa nimevaa miwani.

Nilianza kazi baada ya chai. Mashine yangu mwenyewe ni ndogo, lakini kazi ni ile ile. Ganda linakaa chini. Unavuta mkono, linapanda, sindano ya chuma inaingia mdomoni mwake, inapenya kwenye tundu la katikati na kuisukuma fataki nje. Tk! Inadondoka. Raha tupu. Nikaanza kuimba. Nikaona sura ya Rollie nitakapokuwa nabeba mashine ya kijani kuiingiza garini.

Halafu mkono ukagoma. Mimi si mtu wa kugomewa na chuma. Nikauning'inia kwa uzito wangu wote, na Lavonne atakwambia si haba. Krak! Sindano vipande viwili, kimoja kikagonga miwani.

Nikalitoa ganda. Ndani yake kuna ganda lingine! Dogo, la bastola ya milimita tisa, limejichomeka humo likatulia kama mtoto mgongoni. Nani kaliweka? Nikajua papo hapo. Nikampigia Rollie simu nikamwambia hujuma zake nimezigundua. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema maganda yakizolewa pamoja kwenye uwanja wa shabaha huingiana yenyewe, jambo hilo kila mtu analijua, na je, mzee hakusema tutazame ndani? Nikamwambia ashughulikie kopo lake.

Lavonne akapita na kapu la nguo. Akauliza, "Ulitazama ndani?" Wamepanga hawa.

Ijumaa, 22 Novemba

Nashukuru Mungu kanijalia ubunifu.

Duka la zana halina sindano hata moja. Wawindaji wa kulungu wamefagia kila kitu. Mwenye duka akasema mzigo mwingine unakuja baada ya sikukuu. Baada ya sikukuu! Rollie atakuwa ameshaipaka mashine yangu mafuta na kuipa jina.

Basi nikachukua msumari wa chuma kigumu, nikaukata kichwa, nikaufunga mahali pa sindano. Ukakaa kama uliozaliwa hapo. Nikavuta mkono: laini. Nikavuta tena: laini. Nilifanya kazi asubuhi yote bila kusimama, maganda yakipita mkononi mwangu kama mahindi. Nikamwita Lavonne aje aone mume aliyemwoa. Akaja, akakunja mikono, akatazama. Akauliza fataki zenyewe ziko wapi.

Nikavuta kidroo cha chini zinakodondokea. Kitupu.

Nikaokota ganda. Fataki ipo. Nikaokota jingine. Ipo. Sasa nimeelewa, na naandika hapa kwa sababu daktari kasema nisifiche mambo moyoni. Ncha ya msumari ilikuwa bapa. Fataki ilikuwa inatoka, inaganda kwenye ncha, halafu msumari ukirudi unaivuta na kuirudisha pale pale. Nilikuwa nimezitoa zote. Na kuzirudisha zote. Kwa bidii, huku naimba.

Lavonne alikwenda kucheka chumbani na kufunga mlango, ili asiniumize. Nashukuru kwa hilo pia.

Jumamosi, 23 Novemba

Lavonne, akiwa anamwaga maji ya vyombo dirishani, kasema niizungushe ile ncha kwa tupa, iwe kama ya penseli iliyotumika, hapo fataki haitakuwa na pa kugandia. Nikamwambia nilikuwa nimeshaamua hivyo. Sijui mambo haya kayatoa wapi. Labda kamsikia Rollie.

Nikapiga tupa. Nikaona inapendeza, nikaendelea. Niliendelea mno. Msumari ukawa mwembamba kama tambi, na ulipokutana na fataki ya kwanza ukapinda kama tambi iliyoiva.

Nikaketi kwenye ndoo nikafikiri. Kitu cha chuma. Chembamba. Kigumu. Chenye ncha ya mviringo tayari, iliyotengenezwa kiwandani na watu wanaojua kazi yao. Kitu ambacho mtu anacho nyumbani, na anazo zaidi ya moja, kwa hiyo hawezi kusema ameporwa.

Sindano ya kufumia! Ilikuwa kikapuni kwa Lavonne, imechomekwa kwenye mafundo ya skafu anayomfumia baba yake. Nikaichomoa polepole. Mafundo kadhaa yakafumuka, lakini mafundo ni mafundo, yatafungwa tena. Nikaikata kwa msumeno.

Tk! Tk! Tk! Fataki zinadondoka na kubaki chini! Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Kopo nimelifikisha nusu. Kesho namaliza, na Rollie ajiandae kuja kuitazama mashine kwangu, akiwa na adabu.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani, wakati wa kahawa, Lavonne kawauliza wanawake wote kama kuna aliyeokota sindano yake ya kufumia. Wakaanza kutafuta chini ya viti. Marlys akapiga magoti kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika mkate wangu mtamu wa jamu nikiukagua kama niliyepewa mtihani wake. Kijasho chembamba kilinitoka.

Mchana nikajifungia gereji. Mambo yakaenda vizuri, tk, tk, mpaka ganda moja likagoma. Sasa mimi si mjinga. Nilikumbuka ya Alhamisi. Nikajua humo hamna ganda dogo kwa sababu nililitikisa na halikulia. Kutazama sikutazama, kutikisa kunatosha. Nikavuta. Likagoma. Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa mikono miwili.

Mguu wa meza ukakatika. Meza ikaenda, mashine ikaenda, kopo likaenda, na mimi nikafuata. Maganda yakatapakaa sakafuni, yenye fataki na yasiyo na fataki, yakachanganyika na skrubu, kokoto na mbegu za ndege.

Nikiwa chini, ganda lenyewe likaja likasimama mbele ya pua yangu. Nikatazama ndani kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama. Halina tundu la katikati! Lina vitundu viwili vidogo, kimoja huku, kimoja kule. Aina ya kigeni, inatengenezwa hivyo. Sindano inakita kwenye chuma kitupu. Unaweza kuvuta mpaka Krismasi.

Lavonne akafungua mlango kwa ule mshindo. Kwanza akaniuliza kama nimeumia, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Kisha macho yake yakatua kwenye mashine.

"Verlin. Hiyo sindano."

Nikasema niliiokota.

"Imekatwa kwa msumeno."

Nikasema niliiokota hivyo hivyo. Alikaa kwenye ndoo yangu, akaokota kokoto moja ndani ya ganda moja, akaliangalia ganda lile muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Akasema baba yake hapo zamani alikuwa na kopo kama hili hili. Nikamwambia ndiyo, mzee anapenda kahawa.

Jumanne, 26 Novemba

Nashukuru kwa ngazi ya Rollie, ambayo sijamrudishia tangu masika. Imenipa sababu ya kwenda kupeleleza.

Rollie hayupo. Marlys kanikaribisha, kanipa kahawa, kaniuliza kama bado naumwa baada ya kuanguka. Nikamwambia nataka kuiweka ngazi mwenyewe gerejini, asihangaike. Nikapekua. Kopo halipo! Marlys, mwanamke asiyejua siri ni nini, akasema ah, maganda ya baba? Rollie kampelekea jamaa mmoja wa mji wa Kearney mwenye mashine ya umeme, anatoa fataki zote na kuyang'arisha maganda juu yake.

Kearney! Mashine ya umeme! Na mzee alisema kila mtu nyumbani kwake! Nilitetemeka kwa furaha. Nikakaa garini nikitunga maneno nitakayomwambia mzee, kwa huzuni, kama mtu anayeumia kusema.

Rollie akatokea nikiwa bado natunga. Akagonga kioo. Akasema amesikia kutoka kwa mkewe kuhusu sindano ya kufumia, na kwamba mzee anaisubiri sana ile skafu. Tukatazamana. "Shemeji, mimi sijaona kitu," akasema. Nikamwambia hata mimi macho yangu siku hizi hafifu. Tukapeana mikono. Ni mtu mwenye akili Rollie, ukimbana.

Ila kopo langu bado liko nusu, limejaa kokoto, meza ina miguu mitatu na sindano Lavonne kaichukua. Maji yako shingoni. Nashukuru hayajafika puani.

Jumatano, 27 Novemba

Sijui nianzie wapi kushukuru.

Nimetoka kazini nikiwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa natunga hadithi ya wizi: watu wamevunja gereji, wamechukua kopo tu. Naingia jikoni. Harufu ya pai ya boga. Na mezani, kwenye vile vibati vya kuokea keki ndogo, maganda yangu! Yote! Yamesimama safu kwa safu, midomo chini, vitako juu, na kila kitako kina tundu safi. Fataki ziko kwenye chupa ya jamu. Pembeni kuna kisahani chenye maganda mabaya: yenye vitundu viwili, yenye kokoto iliyokwama, moja limepasuka ubavuni.

Lavonne alikuwa anasuuza mikono. Nikamuuliza amefanyaje bila mashine. Akanionyesha kijiti cha chuma na nyundo ya mbao, vilikuwa chini kabisa ya sanduku lake la vitu vya utotoni. Unaweka ganda juu ya kigingi, unaingiza kijiti, unagonga mara moja. Alikuwa anafanya huku pai zinaiva. Akasema alikuwa hajafurahi hivyo kitambo. Uso wake ulikuwa mwekundu, sijui ni joto la jiko.

Nikambusu. Nikamwambia yeye ni malaika. Nikamwomba kesho asimwambie mtu, mzee aamini nimefanya mimi.

Alikausha mikono taratibu sana. Akasema, "Sawa, Verlin. Shukuru tu." Na mimi, mtu mtiifu, nashukuru!

Alhamisi, 28 Novemba. Siku ya Shukrani

Tulikula kwa mzee mpaka mikanda ikalalamika. Bata mzinga, viazi, kabichi chachu ya Marlys, kolache, vile vimkate vitamu vya kwao Ucheki, za mbegu za mipopi, alizopika mzee mwenyewe kwa ile mikono yake iliyopinda. Mzee alisali. Alimshukuru Mungu kwa nyumba hii, ambayo leo ni sikukuu ya mwisho kuliwa ndani yake. Wote tulitazama sahani.

Baada ya pai akasema, "Haya, vijana. Leteni."

Rollie akatangulia. Maganda yake yaling'aa kama vito. Mzee akageuza moja, akalinusa. Akauliza, "Umeyaosha na nini, mwanangu?" Rollie akajiumauma. Sabuni, akasema. Ya kawaida. Mzee akasema kwamba mwaka juzi yeye mwenyewe alipeleka maganda Kearney, kwa jamaa mmoja anayeweka limau kwenye maji ya kuoshea, na harufu hii anaijua. Rollie akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa buti zisizo na kamba.

Nikajua nimeula. Nikaleta vibati vyangu kama mhudumu wa hoteli.

Mzee akayatazama maganda, safu kwa safu. Akagusa moja kwa kidole. Akaniuliza ni nani aliyeyapanga hivi.

Mimi, baba, nikasema.

Midomo chini?

Midomo chini, baba.

"Kwa nini midomo chini?"

Hapo nikapotea. Jasho likaanza. Macho yote kwangu. Nikasema, "Ili yasipigwe na baridi."

Marlys aliangusha kijiko. Mzee hakucheka. Aligeuka, akamtazama Lavonne aliyekuwa anakusanya sahani, na akamwuliza yeye swali lile lile. Lavonne akajibu bila kugeuka, haraka, kama mtoto anayesema sala: "Ukiyasimamisha midomo chini, kilichomo kinadondoka. Na vitako unaviona vyote kwa jicho moja."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, baba. Nilikuwa nasimama juu ya kreti la maziwa."

Mzee akasema alidhani binti yake ameshasahau. Na Lavonne akaziweka sahani chini. Akasema, "Sikusahau. Hukuniita, baba. Uliwaita wao."

Mzee aliinuka kwa shida, akazunguka meza yote, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Akamwomba msamaha kwa Kicheki, halafu akarudia kwa lugha yetu ili sote tusikie. Mashine ni yako, akasema, ilikuwa yako siku zote, mimi mzee mjinga nilikuwa natafuta mwanamume wa kumpa. Lavonne alilia. Marlys alilia. Rollie alijifanya anatafuta chumvi. Mimi nililia bila kujificha, na safari hii sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na tisa na mwanamke huyu nisijue anatamani nini. Nashukuru kwamba leo nimejua, hata kama nimeambiwa pamoja na watu wengine.

Kisha mzee akatuambia mimi na Rollie tuibebe mashine mpaka garini, taratibu, na tusiguse mkono wake.

Jumapili, 1 Disemba

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Nimeshinda!

Hesabu ni rahisi. Mashine kapewa Lavonne. Lavonne ni mke wangu. Gereji ni yangu. Mashine iko gerejini. Sasa Rollie yuko wapi? Ubunifu, uvumilivu, kumwachia mke nafasi wakati mwafaka. Mipango yangu yote imezaa matunda, na presha leo imeshuka. Nashukuru sana.

Masharti ya Lavonne ni mawili: asiguse mtu kabla yeye hajafundisha, na hakuna kuvuta mkono kabla ya kutazama ndani ya ganda kwa tochi. Ni haki yake. Nilikubali kwa moyo wote.

Baada ya ibada kaenda kwa baba yake kumsaidia kufunga makabati. Mimi nikabaki. Nikaingia gerejini kuitazama tu. Nikaifuta vumbi. Nikaushika mkono wake tu, nione unavyoshikika. Ganda moja lilikuwa limebaki mfukoni mwa koti tangu siku meza ilipoanguka, safi, zuri, nalifahamu. Ganda moja halihitaji tochi. Tochi ni ya mtu mwenye kopo zima.

Krak!

Sindano ya mzee. Ile yenyewe. Ndani ya ganda mlikuwa na skrubu ya mguu wa meza.

Nilikaa kwenye ndoo. Nikapumua kama daktari alivyoelekeza. Nikatafuta la kushukuru na nikalipata mara moja: nina mwanyumba.

Nimempigia Rollie simu. Nimemwambia tumekuwa na kinyongo bure, sisi ni ndugu, aje sasa hivi kabla Lavonne hajarudi aionje mashine ya mzee, avute mkono mara moja tu, mimi nitakuwa nimesimama mlangoni. Sauti ikambadilika. Akasema hakutegemea wema huu kutoka kwangu.

Vipande vya sindano nimevipachika pale pale, kama haijavunjika, na yeye yuko njiani. Kanishukuru sana.